Nguru Mwenye Pembe Nne

Kitabu cha zamani kikianza kumwaga unga mlaini kwenye rafu, ujue kuna viwavi wanautafuna mgongo wake. Usikianike juani: jalada la kitambaa litapinda na karatasi zitakauka hadi zikatike. Dawa ni friza. Kizungushie karatasi nyeupe (wino wa gazeti huhamia kwenye jalada), kitie ndani ya nailoni mbili, kamua hewa, ziba kwa selotepu, kisha kikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi kikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Hivyo ndivyo nilivyokilaza Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson na E. W. Brenn ya 1929 ya riwaya ya Treasure Island, kwenye friza la mama mkwe, Ngamiani, Tanga. Ubavuni mwake lilikuwepo pande la nguru kutoka soko la samaki la Deep Sea, nalo kwenye nailoni.

Mjomba wa Lushoto akaaga alfajiri, umeme hakuna. Mama mkwe akapapasa gizani, akashika kitu kigumu cha baridi, akakifungasha.

"Mpelekee wifi, amtie nazi."

Mchana simu ikaita.

"Mwanangu, nguru gani huyu ana pembe nne?"

"Mjomba, usimfungue!"

Maana hapo ndipo wengi wanapoviua vitabu vyao. Kikifunguliwa kingali baridi, unyevu wa hewani unatua kwenye karatasi, madoa na kuvu vinafuata. Kiachwe ndani ya nailoni saa 24, umande ubaki nje.

"Hatujamfungua. Mkazamjomba wako kamloweka kwenye beseni ayeyuke."

Miguu ikaniisha nguvu. "Mtoeni! Mfuteni, mlazeni mezani mpaka kesho!"

Kimya kidogo.

"Mpaka kesho? Na nazi tumeshakuna?"

Nailoni mbili zilihimili. Ingekuwa moja, leo ningekuwa na uji wa karatasi. Nguru halisi akapandishwa basi la Lushoto akiwa na barafu yake, kwa makubaliano kwamba kitabu kirudi na basi hilohilo. Hakikurudi. Mjomba alikuwa ameshafika pale kijana anapojificha kwenye pipa la matufaha, na hakiachii mpaka ajue mwisho wa yule mpishi wa mguu mmoja.

"Soma, Mjomba, ila usigeuze kurasa kwa kidole cha mate."

"Mate?" akasema, huku akitafuna. "Huu ni mchuzi."