Hela ya Beam

Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa 19 sasa. Kiswahili chake hakijapotea, ila kimetoboka-toboka, na kila tundu amelibandika kiraka cha Kiingereza. Anajenga Kibada, Kigamboni, nyumba ya vyumba vitatu, na msimamizi ni mimi. Msimamizi maana yake mtu wa kutuma picha.

Meseji ilinikuta ndani ya pantoni: "Mdogo wangu, nimetuma laki tisa, hela ya beam. Usiiguse kwa kitu kingine. Ikikamilika nitumie picha, nione kama imenyooka."

Kabla hujacheka, nisikilize. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemlilia kaka huyohuyo kuhusu gari lake aliloniachia. Taa za mbele zilikuwa zimeingia mtoto wa jicho, na ya kushoto ilimulika maembe mitini badala ya barabara. Trafiki alishanisimamisha mara mbili. Kwa hiyo niliposoma "beam" nikafungua kamusi ya kwenye simu, ikanijibu bila kusita: mwale wa mwanga. Macho yakanilengalenga. Kumbe kaka alinisikia!

Pantoni ilipogusa ng'ambo, nikanyoosha mtaa wa Gerezani, kwenye spea za magari. Nikapata taa mbili kutoka Japani, zinang'aa kama macho ya paka. Fundi umeme wa magari akazifunga, akalisimamisha gari mbele ya ukuta, akachora mstari kwa chaki, kisha akawa anazungusha skrubu nyuma ya taa, robo kwa robo, mpaka mwanga ukalala juu ya mstari kama mtoto aliyeshiba. Akaniambia, "Bosi, na betri imechoka hii." Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba hela ya betri haijatumwa, hii ni ya beam. Mimi na amana sichezi.

Usiku nikaripoti.

"Kaka shikamoo. Beam tayari."

"Marahaba! Siku moja tu? Imenyooka?"

"Kama uzi. Fundi kaipima ukutani kwa chaki."

"Safi sana. Mmefanya ya juu au ya chini?"

"Zote mbili kaka. Nikitaka ya juu inapanda, nikitaka ya chini inashuka."

Kimya. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Inashuka?"

"Nikipishana na mtu naishusha. Si ustaarabu kumpiga nayo usoni."

"Mdogo wangu, hiyo beam ina urefu gani?"

"Mita mia inafika bila wasiwasi."

"Nyumba ina mita kumi na mbili."

"Ndiyo maana jirani wa nyuma kalalamika."

Akapiga simu ya video. Nilikuwa palepale saiti, nikageuza kamera kwa madaha, nikawasha fulu. Kuta za nyumba yake zikatokea gizani, tupu, juu hazina hata nondo moja. Sauti aliyoitoa kaka niliisikia mara ya mwisho kwa marehemu baba, siku nilipouza mbuzi wa mahari.

Kesho yake ndipo nikaelewa kwamba mtu mwingine naye alikuwa ananidai beam muda wote huo. Mwezi mzima fundi wa nyumba alikuwa akiniambia, "Bosi, tumekwama, tunasubiri mkanda," na mimi nikidhani suruali inamvuka. Tena siku moja nilimpelekea wangu wa zamani, akaushukuru na kuuvaa! Kumbe mkanda ni zege linaloizunguka nyumba nzima juu ya kuta, ndani yake nondo nne za milimita 12, zimefungwa ringi kila sentimita 20. Akachukua muhogo mbichi wa mama ntilie, akaukunja mbele yangu. Juu ukajibana, chini ukachanika, kisha ukakatika. "Zege ni kama huu," akasema. "Kubanwa linavumilia, kuvutwa haliwezi. Hapa chini panapochanika ndipo nondo inapofanya kazi." Halafu akautafuna muhogo wote peke yake.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzaliwa wa Rufiji, alinikaribisha kibarazani kwa heshima zote ili anicheke vizuri. Akasema neno lenyewe lilianza likiwa mti: Waingereza wa kale waliuita mti beam, na kwa Wajerumani mpaka leo mti ni Baum. Mti ukakatwa, ukalazwa juu ya kuta, jina likabaki. Mwanga ulipenya gizani ukasimama kama gogo, nao ukapewa jina hilohilo. Mabaharia wakaliita hivyo upana wa chombo, maana ndiko boriti zinakokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Mti wa mizani unaobeba sahani mbili, beam. Hata mtu akitabasamu uso wote ukang'aa, naye wanasema ame-beam.

"Sisi kila kitu kina jina lake," akasema. "Wao wamebana matumizi. Wakataji mikoko wa pwani wana fito, wana pau, wana boriti, wana nguzo, kila unene na jina lake. Vyumba vya nyumba za mawe Unguja na Lamu ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti. Ukiagiza boriti huletewi fito, sembuse taa!" Akafuta machozi. "Yesu alivyomwambia mtu aitoe boriti jichoni mwake, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeandika beam. Wewe ungemfungia taa."

Hela ilibidi itoke kwenye kikoba cha mama watoto, kwa riba, na masharti mengine ambayo hayahusu wasomaji.

Siku ya kumwaga zege mashine ilichelewa. Ilipofika saa kumi na moja jioni hatujamaliza hata nusu, na Kibada upande wetu umeme haujafika. Vibarua wakaanza kunawa miguu. Fundi akanitazama, akalitazama gari. Nikalisogeza, nikawasha fulu, na ndoo zikaendelea kupanda juu ya ngazi hadi saa tatu usiku. Nikampigia kaka picha: beam yake ikimulikwa na beam yake.

Akajibu neno moja: "Safi."

Betri ilikufa hapohapo. Watu saba wenye zege mpaka viwikoni wakatusukuma mchangani, na alama za viganja bado ziko kwenye buti, zimekauka vizuri kabisa.

Juzi kaka kaandika tena: "Sasa tunaingia kwenye paa. Nakutumia hela ya plate." Mama watoto ana uhakika ni sahani, za wageni wa kuhamia nyumba. Fundi umeme wa Gerezani anasema ni namba ya gari, na anaye mtu wa kuitengeneza. Hela imeshaingia. Sijaigusa.