Bahasha ya mwimbaji

Ijumaa nimeimba mazishini hapa Leipzig, Ujerumani. Watu 12 kwenye kanisa dogo la makaburini, mpiga kinanda na mimi. "Ave Maria" ya Schubert, wimbo mmoja wa Bach, basi. Nilipokuwa navaa koti, msimamizi akanikabidhi bahasha na kunishukuru kwa kazi. Alisema kazi. Neno hilo nimetembea nalo mpaka kituo cha tramu.

Nyumbani mnaniuliza kila simu: "Dada, hivi kazi yako hasa ni ipi?" Jumatatu nafundisha watoto kuimba, kwaya ya opera ikipungukiwa soprano, sauti ya juu ya kike, naitwa, Ijumaa mazishi, Pasaka nazunguka makanisani. Mnaona natangatanga. Jessye Norman, yule mwimbaji mkubwa wa Marekani, alianzia opera Berlin mwaka 1969, lakini aliimba pia nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi na muziki wa Duke Ellington. Mwimbaji ndivyo anavyoishi. Huku tangu 1983 kuna mfuko wa bima wa wasanii wanaojitegemea: nachangia nusu ya bima ya afya na pensheni, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa wanaotumia kazi zetu.

Msije mkasema nimeota mapembe. Mazishi ya huku yananiumiza, wafiwa wanakaa kimya kama wanaosubiri daktari. Kwetu Moshi kwaya ya usharika inapanga sauti nne kaburini bila karatasi, jua linawaka, na akina mama wa sauti ya pili hawaachi mpaka ubeti wa mwisho. Sijasikia kwaya ya kulipwa ikiimba hivyo, na nimeimba na kadhaa. Mimi mwenyewe nilianzia hapo, kwa mwalimu wa kwaya aliyetuandikia sol-fa, zile noti za do-re-mi, ubaoni kwa chaki, usiku, baada ya shamba. Miaka yote ile sikuwahi kusikia amepewa zaidi ya nauli.

Ndiyo maana nakasirika. Kwenye harusi zetu mwenye hema analipwa, MC analipwa, wa video analipwa, wa viti vya plastiki analipwa kabla hajashusha hata kimoja. Kwaya inapewa soda! Tena moto.

Mtaniambia karama ni ya Mungu, mmepata bure, toeni bure. Sawa, Mathayo 10. Shukeni mistari miwili tu, mtamkuta mtenda kazi na posho yake. Mtaniambia sisi si Wajerumani, hela hatuna. Mbona ya keki ilipatikana? Kamati ya harusi ya binamu ilikaa saa nzima kujadili keki, nilikuwemo kwenye simu, nikasikia kwaya ikipitishwa kwa sentensi moja: "Hao ni wetu, watakuja."

Watakuja, ndiyo. Nami nakuja Desemba, nitamwimbia binamu yangu na sitaki hata shilingi, hiyo ndiyo zawadi yangu kwake. Ila mwalimu na mpiga kinanda wa kwaya naomba waingie kwenye bajeti, juu ya keki. Namba zao mnazo.