MBA ya kuacha kazi au ya wikendi? Hesabu ya mtu wa Malindi

Anayetaka kubadilisha kazi huambiwa mapema kwamba MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ikiwa ya wikendi ni ya kupandia cheo pale ulipo, na ya muda wote ndiyo ya kuhamia fani nyingine. Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka. Kauli hiyo imetoka Marekani, na huko ina msingi. Kwetu imeletwa, msingi ukaachwa nyuma.

Msingi wenyewe ni huu. MBA ya muda wote ya Marekani kwa kawaida ni ya miaka miwili, na katikati yake kuna likizo ya kiangazi. Kampuni za ushauri, benki za uwekezaji na kampuni kubwa za teknolojia huwasaili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huwachukua kwa intanshipu ya wiki kumi hivi, na wanaofanya vizuri hurudi darasani wakiwa na ahadi ya kazi mfukoni. Mtu anaingia chuoni akiwa mwanajeshi, anatoka akiwa mshauri wa biashara. Kilichomvusha ni zile wiki za kiangazi kuliko somo lolote la masoko au uhasibu. Mwenzake wa jioni husoma masomo hayohayo, mara nyingi kwa walimu walewale, lakini hana namna ya kuiaga kazi yake miezi miwili akajaribu nyingine. Hata INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa ambacho kozi yake ni ya miezi kumi tu, huwapa wanaoanza Januari nafasi ya intanshipu wakati wa kiangazi.

Sasa tuje Malindi. Tuseme ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli ya ufukweni. Amechoka na kazi inayotegemea ndege za Waitaliano; masika yakibisha hodi, hoteli inafunga na yeye anapewa likizo isiyo na malipo. Anatazama Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilizinduliwa Mei 2021, anatazama Mombasa, anaona mustakabali wake uko kwenye mizigo. Je, aache kazi akasome?

Kwa maoni yangu, kama anasomea Kenya, asiache. MBA nyingi za hapa zimepangwa kwa watu walio kazini: madarasa ya jioni, ya Jumamosi, au vipindi vya siku kadhaa mfululizo. Ukiacha kazi unakaa darasa lilelile na walio kazini, ila wewe huna mshahara. Kile kiangazi cha kuajiriwa hakimo kwenye ratiba. Na mshahara wa Pwani ni nadra kuwa wa mtu mmoja: ndani yake mna karo ya mdogo wako, dawa za mama na mchango wa chama.

Hata hivyo, wanaoitetea MBA ya kuacha kazi wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Wikendi ya mtu wa Malindi si wikendi ya mtu wa Nyali, aliye Mombasa penyewe. Kutoka Malindi hadi darasa la Mombasa ni kilomita 120 hivi. Somo la Ijumaa jioni maana yake ni kuondoka kazini mchana, siku ambayo wageni wanaingia. Wa Lamu kisiwani ndiyo kabisa: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Garsen, na huko bado ni kufika Malindi tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, nazo zitaliwa na mitihani. Wengi humaliza madarasa wakakwama kwenye tasnifu, kwa sababu uchovu hauandiki.

Kuna na mtego wa mwajiri. Anayesoma wikendi hushawishika kuomba kazini alipiwe ada. Ada italipwa, ndiyo, kwa mkataba wa kubaki miaka kadhaa. Kwa anayetaka cheo hapohapo ni neema. Kwa anayetaka kuhama, amekopa kwa yule yule anayemkimbia.

Lakini turudi kwenye ile likizo isiyo na malipo, maana hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kawaida. Mei na Juni, hoteli zikiwa kimya, msimamizi wetu anazo wiki ambazo mwanafunzi wa Marekani huzipata kwa kuacha kazi. Darasa la wikendi la Mombasa huenda likamkalisha na mtu wa bandarini, wa benki, wa kampuni ya kutoa mizigo. Aombe hapo nafasi ya wiki nane, hata kwa nauli tu. Masomo, jirani wa dawati na msimu usio na wageni vikiunganishwa vinafanya kazi ambayo chuo hakikumpangia. Karani wa benki, ambaye likizo zake ni za kuhesabu, hana bahati hiyo, na kwake hoja ya muda wote inapata nguvu zaidi.

Ya ng'ambo ni hesabu nyingine. Viza ya mwanafunzi ya Marekani humtaka mgeni asome kozi kamili, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchagua. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hugharamia mwaka mmoja wa masomo huko, ila ada ya MBA ina kikomo, na lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Anayetaka benki za London au Dubai na hana familia ya kulisha, aende tu. Asidhani, lakini, kwamba kukaa chuoni bado ndiyo njia pekee yenye hadhi: mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Illinois kilitangaza kuiacha MBA ya kukaa chuoni na kubaki na ile ya mtandaoni.

Na kuna wasiohitaji MBA kabisa. Anayetaka uhasibu, CPA, cheti cha uhasibu kinachotolewa na bodi ya mitihani ya KASNEB, humfikisha kwa bei nafuu zaidi, na anaweza kujisomea Malindi.

Anayebaki na nia ya MBA, kabla ya kulipa hata ada ya maombi, awatafute wahitimu watatu wa kozi hiyo waliohama fani, awaulize kazi mpya waliipata kupitia nani. Wote watatu wakisema ni binamu, chuo hakikuwasaidia kuhama.