Anza na Ganda, Baruti Itangoja

Kila nikitoka uwanja wa shabaha hapa Mombasa hapakosi mtu wa kunishika mkono: "Bwana, nasikia mtu aweza kujijazia risasi mwenyewe. Hiyo mashine yake yapatikana wapi?" Kujaza ni kulichukua ganda la risasi iliyokwisha kupigwa na kulitia upya fataki (kidude kinachowasha baruti), baruti na kichwa. Naona anayeuliza hivyo ameanzia mwisho. Mashine ni chuma cha kukandamiza tu. Kinachoifanya risasi iwe salama, na ipige pale pale ulipolenga, ni ganda, mizani na kitabu cha vipimo. Na hapa Kenya kuna jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni sheria.

Nianze na hilo kwa sababu halina mjadala. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako hakitaji bunduki peke yake. Hutaja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Baruti nayo inaguswa na sheria ya vilipuzi, Sura ya 115. Usichukulie kwamba ruhusa ya kumiliki bunduki ni ruhusa ya kutengeneza risasi. Usimwagize ndugu anayerudi kutoka ng'ambo akuletee mkebe wa baruti, wala usitie fataki ndani ya shehena inayopita bandarini ukidhani hakuna atakayejua. Iandikie bodi inayotoa leseni za silaha, uliza waziwazi, na ungoje jibu la maandishi. Wakikataa, basi. Ninayoyaeleza hapa yatakufaa hata hivyo, maana ni elimu ya risasi yenyewe, hata hizo unazonunua dukani.

Mimi niliyaona haya mezani kwa mjomba wangu anayeishi Ohio. Huko Marekani kujaza risasi ni shughuli ya kawaida ya jioni, na fataki na baruti huuzwa dukani. Nilitarajia aniketishe mbele ya mashine. Badala yake alinipa kopo la maganda yaliyokwisha kupigwa na tochi ndogo, akaniambia, "Mpwa wangu, nitolee mabovu." Jioni nzima ikapita hivyo, baruti hata hatukuigusa. Mpaka leo naamini hakuna mlango mwingine wa kuingilia kazi hii.

Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishafyatua, kinachobaki mkononi ni ganda, na ndilo unalolitumia tena. Lakini ganda hilo halikubaki kama lilivyokuwa. Moto ulipowaka lilitanuka likabana kuta za chemba, yaani sehemu ya bunduki inamokaa risasi, ndiyo sababu gesi haikurudi usoni mwako, kisha likanywea kidogo. Ili lirudi kwenye kipimo chake hupitishwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Kila linapopigwa na kukandamizwa hivyo, shaba husogea kuelekea shingoni: ganda linarefuka, na ukuta wake karibu na kitako unakonda.

Kurefuka kuna hatari yake. Ganda la .308 Winchester, risasi iliyotoka mwaka 1952, halitakiwi kuzidi inchi 2.015, yaani kama milimita 51.2. Likizidi, mdomo wake hugota mwisho wa chemba na kukibana kichwa kisitoke kwa wepesi, na shinikizo hupanda ghafla. Kwa hiyo hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo, na kukatwa. Kukonda ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hakuonekani upesi. Tafuta pete inayong'aa kwa nje, juu kidogo ya kitako. Kisha nyoosha kibanio cha karatasi, kikunje ncha, ukiburute kwa ndani ukutani. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo litupe, maana likipigwa tena laweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Na usisahau tochi. Ukichungulia ndani ya ganda utaona tundu moja katikati ya kitako au matundu mawili madogo. La tundu moja ni la mtindo wa Boxer, na fataki yake husukumwa nje kwa sindano ya kawaida. La mawili ni la Berdan. Sindano hiyo itavunjika. Ajabu ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na mtindo wake ndio ulioshika Marekani, na Berdan alikuwa Mmarekani na wake ukashika Ulaya. Risasi nyingi zilizotengenezwa Ulaya Mashariki ni za Berdan, kwa hiyo angalia kabla ya kuanza kukusanya.

Wapo watakaosema wanataka kujaza kwa sababu ni rahisi kuliko kununua. Kwa anayepiga mara chache, vifaa vitakula hiyo nafuu yote. Sababu ninayoiheshimu ni usahihi. Tangu uwindaji upigwe marufuku Kenya mwaka 1977, mpenda mchezo wa bunduki amebaki na karatasi ya shabaha. Risasi ya kiwandani imepimwa iingie katika kila bunduki ya aina yake. Ya mkono hulinganishwa na mtutu mmoja, wako.

Hapo ndipo mizani inapokuja. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni kama miligramu 65. Mizani ya kujazia risasi husoma sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu sita na nusu. Mizani ya sonara wa Mji wa Kale inayosoma gramu 0.01 haitoshi. Kitabu cha vipimo hutaja baruti gani, kichwa cha uzito gani, na kiasi gani cha kuanzia, ambacho mara nyingi huwa kama asilimia kumi chini ya kiwango cha juu. Anza hapo chini, upande kidogo kidogo. Kipimo ulichopewa na rafiki kwenye simu, hata awe hodari vipi, usikitumie. Na mezani iwepo baruti ya aina moja tu, ndani ya mkebe wake wa asili.

Sisi watu wa Pwani tuna adui ambaye vitabu vya Ulaya na Marekani havimtilii mkazo: hewa yetu. Wakati wa utawala wa Waingereza huko India, maganda ya shaba yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua yalikuwa yakipasuka yenyewe. Ilikuja kueleweka baadaye, mwaka 1921, kwamba kisa ni amonia ya mkojo wa farasi ikikutana na unyevu na shaba iliyobanwa. Kwa hiyo dawa za kung'arishia shaba zenye amonia usizitie kwenye maganda kabisa. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na ndimu vinatosha; suuza sana, uanike kivulini mpaka yakauke hata ndani, na wakati wa masika uyape muda zaidi. Baruti nayo hubadilika mwako ikinyonya unyevu au ikikauka kupita kiasi, na joto huongeza shinikizo. Risasi iliyokaa ndani ya gari lililoegeshwa juani Nyali si ile uliyoipima asubuhi chumbani.

Wengi wetu tunaishi ghorofani, jikoni kuna gesi na watoto wanapita. Sioni chumba cha kufanyia kazi hii humo. Bodi ikiridhia, pendekezo langu ni kwamba vilabu vya shabaha vya Pwani viwe na meza moja ya pamoja, iliyofungwa kwa skrubu ukutani, chini ya mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, na daftari la kuandikia kila kilichojazwa: tarehe, baruti, uzito, bunduki ya nani. Dirisha liwe wazi, sigara isikaribie, na kila mmoja anawe mikono kabla ya kula, kwa ajili ya sumu ya madini ya risasi (ledi). Atakayeniunga mkono aje klabuni tuiandike barua pamoja.