Mimi Sikulia, Lile Lilikuwa Jasho

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya kwamba nililia kwenye uwanja wa mpira wa kikapu: mimi sikulia. Joto la Mombasa la mwezi wa pili mwalijua wenyewe. Rafiki yangu, ambaye chuoni tulisomea juzuu moja, ameamua kunitangaza mji mzima, basi na mimi nisikizeni.

Habari ya mazoezi yangu ya kuruka kamba mnayo. Kila jioni niko Mama Ngina, pale ufukweni, meli zaingia Kilindini, mimi naruka tu, wauza muhogo wanipisha. Na kamba yafanya kazi, wallahi! Mguu ukigusa chini haukai, kano ya kisigino inavutika na kukurudisha juu papo hapo. Kwenye ribaundi, mpira ukikosa ringi na kurudi, mwenzangu akijikunja aruke tena, mimi nishapanda mara ya pili. Hilo hata mahasidi wamekiri.

Sasa mdomo nao. Nikawaambia vijana wa uwanjani, leo naishika ringi. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Kimo changu mwakijua, msicheke.

Nikarudi nyuma hadi katikati ya uwanja. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Nikatoka mbio, mguu wa kushoto ukakita, nikapaa. Naiona ringi, naona na kutu yake, iko juu huko, haina habari na mimi. Vidole vikaingia kwenye wavu. Wavu wenyewe si wa dukani, ni kipande cha jarife tulichofungiwa na mvuvi mmoja wa Mji wa Kale, nailoni ya kunasia papa. Kidole kikapenya tundu. Na pete yake. (Ndiyo, ile ya feruzi ya shangazi. Nyamazeni.)

Mwili ukataka kushuka, mkono ukakataa.

Nikaning'inia. Si sana, kiasi cha mtoto kupata nafasi ya kuuliza, "Mama, yule amefanya nini?" Kisha mafundo ya juu yakaanza kuachia, moja moja: ta... ta... halafu tatatata! Nikashuka na wavu mzima. Mimi nikakaa chini pwaa, wavu ukanikalia kichwani hadi shingoni, naichungulia dunia kwa matundu. Uwanja kimya. Mara sauti ikatoka nyuma kabisa: "Changu huyo! Mpimeni kilo!"

Hapo ndipo jasho lilipoingia machoni. Jasho, nimesema.

Yaliyobaki ni madogo. Kidole kilivimba, sonara akaikata pete. Wavu nimelipa. Kocha asema kamba imenipa vifundo vya miguu na wepesi wa kuondoka chini, ila kupaa hadi ringini kwataka mapaja na makalio, nikachuchumae na vyuma mabegani. Sawa, nitachuchumaa, lakini kamba siachi.

Shangazi bado hajaambiwa habari ya pete, na mlio na namba yake nawajua.