Kiswahili Kilichoandikwa Kisiwani

Kila ninapokaa na vijana wanaoandika mashairi hapa Mwanza, huwasikia wakiomba radhi kabla hawajasoma hata ubeti mmoja: Kiswahili chao, wanasema, ni cha bara. Jambo hili huniuma, kwa sababu ng'ambo ya maji, safari ya saa chache kwa meli hadi Nansio, kipo kisiwa cha Ukerewe kilichomzaa Aniceti Kitereza na kisha Euphrase Kezilahabi, watu wawili waliolelewa katika Kikerewe na ambao bila wao fasihi ya Kiswahili isingekuwa hivi ilivyo.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wanaopendana lakini wanaoteswa na kukosa mtoto, na ndani yake akaeleza kilimo, uvuvi, upikaji wa pombe, mitishamba na adabu za ukweni kwa utulivu wa mtu aliyehofu kwamba mambo hayo yangesahaulika. Yeye na mkewe Anna walizika watoto wao wenyewe, na tangu nilipolijua hilo sijaweza kusoma majonzi ya Bugonoka kama nilivyoyasoma mara ya kwanza. Mswada ulikosa mchapishaji, kwani wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Alipokuwa amezeeka, aliketi akaifasiri kazi yote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Ilichapwa 1980, mwaka uliofuata akafariki. Huyu alikaa na kitabu kimoja miaka 35 bila ahadi ya mtu yeyote, na bado sisi hukata tamaa gazeti lisipotujibu kwa mwezi mmoja.

Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kusoma Seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kwa njia nyingine. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilianzia kijijini kwao na kwa muda ilizuiwa shuleni. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, akaacha vina na mizani, akaandika kwa lugha ambayo watu huisema kila siku. Washairi wa mapokeo walimkatalia kwamba hayo ni mashairi. Mimi ninaupenda utenzi, wala sioni kosa katika urari wa vina. Ninachokataa ni kuufanya kuwa mlango pekee wa kuingilia. Nilipokuwa sekondari, mwalimu mmoja alilikata shairi langu lote kwa wino mwekundu kwa sababu mishororo miwili ilipungukiwa mizani, na nikaacha kuandika kwa miaka sita.

Ndiyo maana sinyamazi ninapoona woga uleule kwa wengine. Hivi karibuni msichana mmoja alituletea shairi kuhusu mama yake anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Katika rasimu ya kwanza aliitaja harufu ya alfajiri ile kwa neno la Kisukuma alilolisikia kwa bibi yake. Katika nakala safi alikuwa amelifuta na kuweka neno la kamusi. Nilimwomba alirudishe, kisha atusomee tena tangu mwanzo.