Bwawa Lina Masharti Kuliko Mganga

Nani alisema bwawa la nyumbani ni starehe? Tena dogo tu, mita 5 kwa 4, kina mita 1.5, lita 30,000. Afadhali ng'ombe, akiumwa hugoma kula. Bwawa likiumwa linang'aa kama kawaida, wewe unashtukia watoto macho mekundu.

Hapo jirani anachungulia ukutani: "Klorini imezidi, mbona inanuka!" Jamani! Inayonuka ni klorini iliyoshikana na jasho na mkojo. Naam, mkojo, na kila mgeni wa Jumapili anaapa si wake. Chota maji ya bwawa kwenye kichupa cha kupimia, ponda humo kidonge cha DPD namba 1 (dawa ya kupimia, hugeuza maji rangi ya waridi) upate klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana, ongeza namba 3 upate jumla. Tuseme huru ni miligramu 1 kwa lita, jumla ni 2. Hiyo tofauti ya 1 ndiyo klorini iliyoshikana, ndiyo mchawi, na anatolewa kwa klorini mara kumi yake. Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 46 hupandisha lita 30,000 kwa miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo hapa ni gramu 460. Tia jua likishazama, maana mchana jua linaimaliza. Yaani bwawa linanuka klorini, na wewe unaongeza klorini. Mweleze jirani akuelewe!

Kituko kingine: klorini ikipita 10, rangi ya waridi kwenye kichupa hufifia, maji yanabaki meupe. Mtu anasema "haimo" anamwaga kopo jingine. Changanya sampuli nusu kwa nusu na maji ya chupa, pima, zidisha mara mbili. Na chota kwa kina cha kiwiko, si pale juu panapoelea majani.

Halafu pH, kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji (ikipanda, asidi imepungua), ambayo hakuna anayetaka kuisikia. Ikifika 8, kama robo tu ya klorini ndiyo inafanya kazi, nyingine inalipwa mshahara wa bure. Irudishe 7.2 mpaka 7.6 kwa asidi, na ni asidi ndani ya ndoo ya maji, si maji ndani ya asidi, kama bado unapenda sura yako. Ila alkalini, ile inayoishika pH isiyumbe, ikiwa chini ya miligramu 80 kwa lita, pH itaruka kama panzi, kwa hiyo anza na hiyo. Kutoka 50 hadi 80 ni kilo 1.5 za bikaboneti ya soda, ile ile ya jikoni. Muuza duka atadhani umefungua kiwanda cha keki.

Ukichoka ukakimbilia vile vibonge vya klorini vya kwenye kikopo kinachoelea, navyo vinaacha asidi ya sayanuriki. Kati ya 30 na 50 inaikinga klorini na jua. Ikifika 100 klorini inalegea, mwani unajichanulia, na hakuna dawa ya dukani ya kutegemea. Ni kumwaga nusu ya bwawa: lita 15,000. Boza ni la lita 10,000, na dereva hauzi nusu boza.